Nguo za Yeyo Hazibani

Wivu gani? Eti niko na wivu na Tamara. Mtu ameandika hiyo maneno kwa grupu ya mafundi wa Kitengela, tena akaweka na ile katuni ya kucheka mpaka machozi: "Auntie Nafula amestaafu na bado anapigana na mastaa. Kazi ni kazi. Mteja akitaka nguo mbili za saizi tofauti, shona upeleke." Sawa. Nilikuwa nimeshika simu nikupigie, nikaiweka chini, nimeamua kuandika yote mara moja, kwa sababu nikiongea nyinyi husema napiga kelele. Someni polepole. Huyo Tamara mimi nimempima. Hii mikono imezunguka kiuno chake mara nne. Wewe umempima wapi, kwa TV?

Na ndio, nimestaafu. Niko na miaka thelathini na tatu, na mwezi uliopita nilifunga cherehani yangu na shuka nikaisukuma chini ya kitanda. Mmecheka, kwa sababu kustaafu mnajua ni ya walimu na maaskari. Mimi nimeshona miaka kumi na moja kwa duka moja, chini ya mtu mmoja, Yeyo Silantoi, pale nyuma ya soko. Yeyo ni kusema mama kwa Kimaasai, na hata sisi watu wa kutoka Western tulimwita hivyo, hata wazee wenye mvi walimwita hivyo. Yeye ameondoka, na mimi siwezi kwenda kukaa kwa meza ya mtu mwingine niambiwe kata hivi, kata vile. Hiyo ndiyo sababu na haijadiliwi. Nilikuwa nalipwa nini, nilipandishwa nini, hayo hamtasikia hapa. Mtasikia kazi.

Siku ya kwanza hata sikuenda kuomba kazi. Nilienda na sketi ya jirani yangu, zipu ilikuwa imekataa. Kushona sikusomea mahali. Nilijifunza kwa nyumba ya kupanga, nikifumua nguo za mtumba nione vile wazungu walizifunga, halafu nazirudisha, na nikishindwa navaa hivyo hivyo. Kwa hivyo nilikuwa na mdomo kuliko ujuzi. Nikaweka sketi mbele ya huyo mama.

"Fundi mwenye aliweka hii zipu alikuwa amelewa," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Huyo fundi ni mimi."

Nikaanza kuikunja sketi niondoke. Hiyo hutokea mara chache, ulizeni bwanangu.

"Endelea," akasema. "Imelewa wapi?"

"Hapa chini. Imevuta kitambaa."

Akaiangalia kwa jua, akageuza, akaangalia tena. Akanipa wembe. "Fumua uweke yako, tuone kama yako inakunywa maji peke yake."

Yangu ilikuwa mbaya kuliko yake. Akacheka, akaniambia nirudi kesho. Wiki tatu nzima nikafumua tu. Si kushona, kufumua. Nusu wembe, upande mmoja umezungushiwa uzi usijikate, unakata nyuzi moja kwa moja bila kugusa kitambaa. Nyinyi siku hizi mnavuta nguo na mikono miwili kama mnachinja kuku. Yeyo alisema fundi mwenye hajui kufumua ni mtu wa kuharibu tu, na mpaka leo nikiona mshono, kitu ya kwanza naona ni pahali ningeanza kuufungua.

Wacha niwaambie vile alikuwa anapima, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini nimekasirika.

Yeyo hakuwa anaandika namba. Si ati hakujua, alijua. Lakini duka letu lilikuwa kama sebule. Wamama wamekaa kwa benchi wanangoja, huyu anatoka kanisa moja na huyu, na namba ikitajwa pale ya hips za mtu, jioni iko mtaa wote wa Noonkopir. Kwa hivyo kila mteja alikuwa na ukanda wake. Ukanda ni kipande cha kitambaa kirefu chenye kimebaki kwa nguo yake ya kwanza. Unamzungusha nao kifua, unakata alama ndogo na makasi. Kiuno, alama. Hips, alama. Akirudi mwaka ujao amebadilika, unaweka alama mpya kando ya ile ya zamani na uzi wa rangi ingine. Kanda zilikuwa zimening'inia ukutani nyuma ya Yeyo, mamia, na hakuna mtu angeweza kusoma isipokuwa sisi wawili. Kifua cha mke wa pasta kilikuwa kinapepea hapo mbele ya macho ya wazee wa kanisa na hawakujua.

Sheria ya pili ilikuwa inchi mbili. Kila nguo, kila upande, ndani ya mshono, unaacha inchi mbili za kitambaa cha akiba. Mafundi wengine huacha nusu, halafu wanashangaa. Na mteja akileta nguo, pengine amekuja tu kupandisha pindo ama kubadilisha kifungo, unamwangalia anavyotembea. Ukiona mwaka umemwongeza, unafumua pembeni kidogo, unaachilia, unashona tena, unapiga pasi, unaweka alama mpya kwa ukanda wake. Humwambii. Anavaa, inaingia, anaenda nyumbani akiwa na furaha.

"Mtu ana shida za kutosha," Yeyo aliniambia. "Asigombanishwe na nguo yake."

Hiyo ndiyo ilijaza duka. Wamama walikuwa wanatoka Isinya, wengine Ngong, wengine mpaka Illasit huko karibu na mlima, wanasema nguo za Yeyo hazibani. Nilikuwa najivunia hiyo maneno kama ni mimi nimezaliwa nayo. Mtu aniambie kitu mbaya kuhusu Yeyo, nilikuwa namtoa nje ya duka na mguu mmoja wa kiatu. Nilitoa diwani mtarajiwa siku moja. Hakushinda.

Kulikuwa na kazi ngumu, sitaki mfikiri ilikuwa ni kupiga umbea. Kwaya ya wamama ishirini na saba, kitambaa kimoja, mwalimu wa kwaya anataka wote "waonekane sawa". Waonekane sawa vipi, na mmoja ni kama mlingoti na mwingine ni kama tanki? Kulikuwa na mzee mmoja wa ranchi alitaka suruali ikae chini ya tumbo halafu pia ikae juu ya tumbo. Tulishona, sitasema vile. Lakini hizo kazi unachoka unalala. Ile kazi ingine yenye nawaambia sasa, hiyo haijanitoka.

Tamara alikuja baada ya kuhamia zile nyumba za geti kwa barabara ya kwenda mbugani. Mnamjua, ni yule wa kipindi cha asubuhi, mwenye anaamsha Kenya na ile sauti kama amemeza filimbi. Alitusikia kwa house help wake. Nguo ya kwanza, nikampima, nikakata alama kwa ukanda. Nguo ya pili, mwaka uliofuata, alama zikaangukia pale pale. Ya tatu, pale pale. Huyo mwanamke alizaliwa mwembamba na atazikwa mwembamba. Mamake alikuja naye siku moja, naye pia ni fimbo. Si dhambi. Mungu ndiye fundi wao.

Halafu siku moja anakuja na kijana mwenye kamera na kitambaa cha manjano, mita nyingi. Anataka gauni mbili, kitambaa kimoja, mtindo mmoja. Moja saizi yake. Ingine, akafungua mikono hivi, kama mtu anabeba karai.

"Hiyo ya pili ni ya nani?" nikauliza.

"Ni ya kipindi tu, dear."

"Huyo mtu aje tumpime."

"Hakuna mtu. Fanya tu kubwa."

Nikamwangalia Yeyo. Yeyo akasema kwa upole, "Fanya kubwa, Nafula." Nikafanya. Nilichora kwa kitambaa bila mwili, kitu sijawahi kufanya. Hakukuwa na ukanda wa kufuata, kwa hivyo nilipima meza. Nguo ya saizi ya meza ya kukatia, na miguu yake ukipenda.

Mwezi haukuisha. Kwa bango la barabara ya Namanga, refu kama nyumba, Tamara amesimama ndani ya gauni yangu kubwa, ameshika kiuno cha mbele amekivuta mbali na tumbo, hiyo nafasi unaweza kuingiza mbuzi. Imeandikwa: NILIKUWA HIVI. Halafu kando, kwa ile ndogo: WEPESI, SIKU AROBAINI.

Alikuwa hivyo lini? Kitambaa kilinunuliwa wiki gani, na mimi ndiye niliondoa karatasi ya bei? Hiyo nguo haijawahi kubeba hata jasho. Nilirudi dukani nikiwa nimefura. Nikamwambia Yeyo tuende kwa bango na ukanda wake, tusimame hapo chini tuite watu.

"Na kesho mke wa pasta akisikia tunatoa kanda za watu barabarani?" akaniuliza. "Chenye kimepimwa hapa kinabaki hapa."

Nikatii. Kumbukeni hapo. Nilijua ni uongo, niko na ushahidi ukutani, na nikatii kwa sababu ni yeye amesema.

Basi Wepesi ikaingia Kitengela kama mafuriko. Ilikuwa ni unga kwa mkebe, unakoroga na maji asubuhi na jioni, na saa sita unakula kitu kwa orodha yao. Unga wenyewe ulikuwa mtamu kama keki, nilionja. Na hiyo orodha ningetaka kujua nani aliiandika na alikuwa amekaa nchi gani. Usile ugali. Usile chapati. Usinywe maziwa. Kula samaki wa maji baridi na mbegu fulani zenye hata duka la dawa hawana. Unamwambia mwanamke wa Kajiado asinywe maziwa. Mteja wetu mmoja kutoka huko Ilbisil alisema bwanake alimuuliza ng'ombe zimemkosea nini. Alimwambia ni Tamara amesema. Mzee akauliza, "Tamara ana ng'ombe ngapi?" Hilo ndilo swali la maana pekee nilisikia mwaka huo wote.

Na wakala alikuwa Coach Benta. Juzi alikuwa anauza vyombo vya plastiki, sasa ni coach. Anazunguka na fulana ya uso wa Tamara, ana magrupu ya WhatsApp matatu, ameyajaza wamama wa makanisa yote. Siwachukii hao wamama. Mtu ameamka saa kumi miaka ishirini kwenda kazi Nairobi na kurudi, mwili umejichokea, halafu mtu wa TV mwenye unamwona kila asubuhi kama dadako anakwambia hata yeye alikuwa hivyo. Si utaamini? Unamwamini kwa sababu umekunywa chai naye miaka, ingawa yeye hajakunywa na wewe.

Sasa sikizeni hapa, hapa ndipo kuna mambo yetu. Wepesi ilikuwa na sheria moja. Usipande mizani. Benta alikuwa anaituma kwa grupu kila Ijumaa: mizani ni adui, mizani inapima maji na mifupa, mizani itakuvunja moyo. Chukua nguo yako moja yenye inakubana, uiite nguo ya ushuhuda, na kila Jumapili uivae. Nguo ndiyo itakwambia ukweli.

Na nguo zao za Jumapili zilikuwa zimeshonwa na nani?

Hamjaelewa bado? Mimi pia sikuelewa haraka, na niko hapo ndani. Mama analeta gauni ya ushuhuda turekebishe kola. Yeyo anamwangalia akitembea, anaona huo unga mtamu umemnenepesha, anafumua, anaachilia robo inchi, anapiga pasi. Jumapili mama anavaa, inaingia na nafasi inabaki. Anasimama kanisani anatoa ushuhuda. Wamama kumi wananunua mkebe. Hao kumi pia wako na nguo za Yeyo. Huko Ongata Rongai, wateja wa mafundi wengine walikuwa wanaacha hiyo kitu baada ya wiki mbili, nguo inawabana kama kawaida. Benta mwenyewe alikuwa anashangaa kwa nini Kitengela ndiyo inafanya vizuri hivyo. Alisema ni imani. Ilikuwa ni wembe wetu.

Mtu mwenye alinifungua macho ni Mwalimu Jerusha. Alikuwa naibu mkuu wa shule ya msingi, ametoka Vihiga, amekaa Kitengela hata kabla ya maji ya mfereji. Mjane, ana msichana mmoja, na huyo msichana alikuwa anaolewa na familia ya Kimaasai hapo Kajiado. Mwalimu alikuwa na sukari, kila mtu alijua, alikuwa anatembea na vidonge kwa kibeti. Alikuwa anataka kukonda kwa sababu ya wakwe. Yeyo alicheka sana aliposikia.

"Mwalimu, kwetu mama ya bibi harusi akikuja amekonda, watu wanauliza kama kwao kuna njaa."

"Yeyo, wewe nishonee tu. Hizo picha zitakaa ukutani miaka."

Gauni ya kijani, ya mikono mirefu. Tuliimaliza mapema, akaichukua, akaifanya nguo yake ya ushuhuda. Alirudi mara ya kwanza, ndoano ya shingo imetoka. Yeyo akaachilia. Akarudi mara ya pili, pindo. Hiyo siku Yeyo alikuwa ameenda kuona mbuzi zake nyumbani, na ni mimi nilimwangalia Mwalimu akipanda hiyo ngazi yetu akipumua, na ni mimi nilifumua, kwa roho safi, nikijisikia fundi mzuri. Nilimaliza akiba yote. Inchi mbili, kila upande, hakuna kitu ilibaki.

Wiki iliyofuata akapita kutusalimia tu. Kibeti kilikuwa chepesi mkononi, anakirusha rusha kama msichana.

"Nafula, hii kitu inafanya kazi. Gauni imekuwa kama ya mtu mwingine. Unajua hata zile dawa nimeacha?"

"Dawa gani, Mwalimu?"

"Za sukari. Benta anasema mwili ukiwa mwepesi sukari inashuka yenyewe. Na kliniki sirudi, wale watanipandisha tu kwa mizani wanitishe."

Aliomba maji. Akanywa glasi nzima, akaomba ingine, akaomba ingine.

Alipotoka nilimvuta Yeyo nyuma ya pazia, pale tunapimia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: nguo, unga, ushuhuda, vidonge. Alikuwa ameshika ukanda wa Mwalimu. Alama za kiuno zilikuwa tatu, nyeupe, nyekundu, samawati, na kila moja imeenda mbali kuliko ingine.

"Tumwambie leo," nikasema.

"Harusi imebaki siku kumi."

"Yeyo, amewacha dawa."

"Nikimwambia sasa, atasimama mbele ya wakwe akijua kila mtu anamwona mnene, na sisi tumemcheka mwezi mzima. Wacha apite harusi. Siku ya pili naenda kwake mwenyewe."

"Na kama—"

"Nafula. Nimekuuliza kitu?"

Miaka kumi na moja, hajawahi kuniongelesha hivyo. Na mimi mwenye mdomo, mimi mwenye nimetoa diwani mtarajiwa nje, nikarudi kwa cherehani nikashona mifuko ya suruali. Kitu yenye nilifanya tu ni kumpigia Mwalimu simu nikamwambia, kumeza dawa si vibaya hata kama unakonda. Akacheka. Akasema, "Wewe shona, mimi nitafundisha." Ningesema sentensi moja zaidi. Ilikuwa mdomoni. Nikaimeza kwa sababu ya Yeyo, nikajiambia hiyo ndiyo heshima.

Harusi ilikuwa nzuri. Sisi wawili tulialikwa. Mwalimu alicheza kutoka kanisani mpaka kwa hema, na viatu vipya vya visigino, na wamama wa Kimaasai walimvalisha shanga mpaka shingo ikapotea. Wakwe walimpenda. Mama ya bwana harusi alimshika mkono na kusema wamepata mtu mwenye afya. Nilimwona Mwalimu akiangalia chini akatabasamu, alifikiri ni matusi ya upole.

Viatu vilimchuna kidole cha mguu wa kushoto na hakusikia. Mtu wa sukari ikipanda miguu inalala, haikuambii kitu. Alikaa na hicho kidonda siku nne akifikiri ni vumbi ya Kajiado imemkausha. Yeyo alienda kwake siku ya pili kama alivyosema, akapata mlango umefungwa, ameenda kurudisha viti vya harusi. Akaenda siku ya tatu, amelala, jirani akasema amechoka na sherehe. Siku ya tano walimpeleka hospitali akiwa haongei vizuri. Walikata vidole viwili. Baada ya wiki wakakata mguu, hapa chini ya goti.

Tulienda kumwona alipoweza kukaa. Yeyo alikuwa amebeba ukanda kwa leso. Tukiwa njiani nilimwambia anaweza kusema tu bila kuuonyesha. Akakaza fundo la leso.

"Takwenya, Mwalimu," Yeyo akamsalimia.

"Iko, Yeyo," akaitikia kwa Kimaasai. "Leo mmeleta nguo yenye haina mguu mmoja?"

Yeyo hakucheka. Alifungua leso, akaweka ukanda juu ya blanketi, akamwonyesha alama moja moja. Hii ni ya kwanza. Hii ni ya ndoano. Hii ni ya pindo. Mimi nikasema ya pindo ni yangu. Mwalimu alivaa miwani. Alishika hicho kitambaa muda mrefu, akakivuta kati ya vidole, alama mpaka alama.

"Kwa hivyo nilikuwa nanenepa."

"Ulikuwa unanenepa," Yeyo akasema.

"Na mlijua."

"Tulijua."

"Nimesahihisha vitabu vya watoto miaka thelathini," Mwalimu akasema. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Nani aliwaambia siwezi kusoma alama mbaya?"

Akageuka upande wa ukuta. Tukaondoka.

Yeyo hakupima mtu tena. Alimaliza nguo zenye zilikuwa kwa foleni, akaita kila mteja mmoja mmoja akampa ukanda wake, akamweleza namba yake kwa sikio, wengine wakakasirika, wengine wakalia, mke wa pasta alimtukana kabisa. Halafu akaenda kwao Ilbisil. Namwendea kila mwezi. Mtu asiniletee maneno ati Yeyo ndiye aliharibu mguu wa Mwalimu. Yeyo alikosea, na alibeba makosa yake mpaka kwa kitanda cha mgonjwa akayaweka juu ya blanketi. Tamara ameenda kuona nani? Benta alifuta zile grupu, akafungua zingine. Mimi niliandika kwa ukurasa wa Tamara, nikaeleza gauni ya manjano, nikafungiwa kabla chai ipoe.

Sasa bango ni mpya. Siku Ishirini, kwa sababu arobaini zilikuwa nyingi. Na nasikia kijana wa kamera amezunguka mafundi wa Kitengela na kitambaa cha zambarau, na mmoja wenu amekubali, na ndiye anasema kazi ni kazi. Hiyo ni kati yako na makasi yako. Mimi kwa gauni ya manjano nina hatia, lakini hiyo si ndiyo inaniamsha. Ile gauni mtu yeyote angeshona. Ya kijani ni sisi tu tungeweza, na tulifanya kwa upendo, na ndiyo ilikata mguu.

Mwalimu anatembea na magongo. Juzi alinipata sokoni, akaniambia anataka sketi ndefu, nikamwambia nimeacha kushona. Akaniangalia kama mtoto mwenye hajaleta homework. "Kwa hivyo umekimbia," akasema, akaenda. Kwa hivyo naleta swali kwenu nyinyi wenye bado mko na tepu shingoni. Kesho mama mwenye unampenda atasimama mbele ya kioo chako, ameshika tumbo, amefurahi, akuulize kama amepungua. Hajapungua. Utamwambia nini?